Papi kwenye Mbavu za Chuma

Mimi ni seremala wa Mbinga, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi zangu zimekuwa za kukaa mahali pamoja. Natengeneza vitanda, milango, mabenchi ya kanisa, vichanja vya kuanikia kahawa, na majeneza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mteja hutarajia kielee. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ni kitu gani kilinifanya nikubali siku ile mzee mmoja mstaafu aliposimama mlangoni mwa karakana yangu na kuniuliza kama naweza kuvalisha mbao ndani ya boti ya chuma. Nakumbuka tu nilivyomjibu. Nilisema, "Mbao ni mbao, mzee."

Mzee yule alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, ziwa lile kubwa la kaskazini. Serikali ilimleta kusini akiwa afisa tawala kijana, ikamhamisha huku na huko mpaka akastaafu, na alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga Mbamba Bay. Kisha akanunua ganda la boti ya chuma iliyokuwa ikibeba mizigo, akataka kuigeuza iwe ya abiria, iwapeleke watu kwenye vijiji vya mwambao ambako gari hufika likipenda. Mabenchi yangu aliyaona kanisani Kigonsera, kwenye mazishi ya mfanyakazi mwenzake wa zamani. Yeye ni Mwislamu, lakini alikaa kwenye benchi langu ibada nzima na hotuba zote za baada ya ibada, na mgongo haukumuuma. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kukaa vikaoni, hicho kilikuwa cheti tosha.

Nadhani nilikubali kwa sababu ya mke wangu. Mke wangu ni Mnyasa wa Ngumbo, kijiji cha mwambao wa ziwa letu hili la kusini. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yetu nimekwenda ukweni kwa barabara tu, hata nyakati zile barabara ilipokuwa barabara kwa jina. Shemeji zangu waliwahi kunialika mara nyingi kwenye mitumbwi yao, na kila nilipoalikwa nilitafuta udhuru. Baadaye waliacha kunialika, kwa heshima, na heshima hiyo iliniuma kuliko kama wangenicheka. Sisi Wamatengo maji tunayajua kwa kiasi. Mvua ikinyesha tunaikamata mashambani kwenye mashimo ya ngolo ili isikimbie na udongo wetu. Maji yanayozidi shimo la ngolo hayajawahi kunihusu.

Nilipomweleza mke wangu kuhusu kazi hiyo alikuwa anachambua maharage.

"Boti?" akauliza.

"Boti."

"Ya kwenye maji?"

"Kwa sasa iko nchi kavu."

Akachambua maharage mengine matatu au manne. "Basi sweta liache," akasema. "Huko kuna joto."

Lori la mbao lilinishusha Mbamba Bay siku ya Jumatatu nikiwa na sanduku la vifaa, godoro dogo na kilo kumi za misumari. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo ufukweni, mbali kidogo na wanakoanika usipa, dagaa wa huko. Kwa nje ilikuwa boti kweli. Kwa ndani ilikuwa kama ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa na kusafishwa, zimebaki mbavu. Mbavu za chuma zilijipanga kutoka mbele hadi nyuma, kila moja imepinda kwa namna yake, na katikati yake lilikuwa ganda jembamba la chuma. Upande wa pili wa ganda hilo, siku boti itakapokuwa kazini, litakuwa ziwa.

Ndani yake mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano alikuwa amepiga magoti, miwani myeusi ameipandisha kwenye paji la uso, anakwangua kutu. Huyo alikuwa fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa hapo hapo mwambao. Aliinuka akajipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Ndiyo wewe fundi wa mbao?"

"Ndiye mimi."

Akautazama mfuko wangu wa misumari. Aliutazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama zawadi ambayo hajui ataiweka wapi. "Na hii misumari, baba, tutaipigilia wapi?"

Nikatazama mbavu za kushoto. Nikatazama za kulia. Zote zilikuwa chuma.

"Ni ya akiba," nikasema.

Hakucheka. Alinikalisha juu ya kopo la rangi akanieleza kazi yangu, taratibu, bila kunifanya nijione mwanafunzi, jambo ambalo lilinifanya nijione mwanafunzi zaidi. Kwanza papi, zile mbao nyembamba tunazopigilia juu ya kenchi kabla ya kuezeka bati, zingelazwa kwenye mbavu kutoka mbele hadi nyuma. Kisha plaiwudi ingefungwa juu ya papi, ndipo abiria apate ukuta wa kuegemea. Lakini papi isiguse chuma kitupu. Chuma kinatoka jasho, alisema. Usiku kikipoa, maji yanatiririka kwa ndani kana kwamba kuna mvua, na mbao iliyokumbatia chuma huoza kabla ya mwaka kwisha, na chuma nacho huliwa. Kwa hiyo yeye angechomelea kwenye kila ubavu vipande vidogo vya chuma vyenye tundu. Aliviita masikio. Mimi ningefunga papi kwenye masikio hayo kwa bolti, nikiacha upenyo wa hewa nyuma yake.

"Na ubavu wenyewe tusiutoboe," akamalizia. "Nyuma yake kuna ganda. Huwezi kujua drili imeishia wapi."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa analijua.

Mzee wetu alikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu na Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa na kikao. Wajumbe tulikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni yeye, fundi chuma na fundi mbao. Katibu pia alikuwa yeye. Tulikaa juu ya ndoo ubavuni mwa boti, naye akafungua faili, akahakiki akidi kwa kututazama mmoja mmoja, akasoma muhtasari wa kikao kilichopita, akauliza kama kuna marekebisho, kisha tukaingia kwenye yatokanayo. Nilimwambia mara moja, kwenye mengineyo, kwamba bolti zimepungua. Duka la bolti lilikuwa mwendo wa dakika tano. Aliandika, "Mjumbe alieleza upungufu wa bolti. Mwenyekiti aliupokea." Bolti zilikuja kikao kilichofuata, baada ya kuthibitishwa.

Lakini sikuwa na haki ya kumcheka mtu, kwa sababu papi yangu ya kwanza niliifunga kwa pima maji. Niliilaza, nikaweka kifaa juu yake, nikasogeza juu, nikasogeza chini, mpaka kile kipovu kikakaa katikati sawasawa. Nilikuwa nimekaza bolti tatu yule mama fundi aliponisogelea.

"Baba, unapima nini?"

"Usawa."

"Usawa wa nini?"

Nikaitazama boti. Boti ilikuwa imelala kwenye mteremko wa mchanga, tena gogo moja la nyuma lilikuwa limezama, kwa hiyo imeinamia upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Papi yangu ilikuwa sawa kabisa na dunia, na imepotoka kabisa na boti. Siku boti ingeingia majini, papi ingekuwa inapanda mlima. Miaka yote ile kifaa hicho kimeitwa pima maji, na mara ya kwanza nimekipeleka karibu na maji kikawa hakina kazi. Nilikirudisha sandukuni. Tukavuta kamba kutoka mbele hadi nyuma, tukapima kutoka kwenye sakafu ya boti yenyewe, na kuanzia hapo nikaanza kuelewa.

Niseme ukweli, kazi ilinipendeza. Maisha yangu yote nimeishi na kona za mraba. Mule ndani hakukuwa na mraba hata mmoja. Ilinibidi niloweke papi usiku kucha ili zikubali kupinda, niondoe unene kwa randa pale ubavu unapojitokeza, niongeze kipande pale unapojificha. Papi moja ilinilia siku nzima. Ilipokubali kulala kwenye masikio yake, imejikunja kwa upole kutoka mlangoni hadi mbele, nilikaa nikaitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akisoma somo kanisani. Yule mama alipita, akaigonga kwa kidole, akasema, "Imekaa." Nililala vizuri siku hiyo.

Wiki ya tatu yule mama alipata msiba. Shangazi yake alikuwa amefariki kijiji cha jirani. Akaondoka kwa siku tatu, na mbavu sita za mbele kabisa, upande wa kulia, zilikuwa bado hazina masikio.

"Zisubiri, baba," akaniambia. "Nikirudi nitazimaliza asubuhi moja."

Zingesubiri. Nilikuwa na plaiwudi ya kukata, nilikuwa na mabenchi ya kupiga randa. Lakini kikao cha Alhamisi kilikaa kama kawaida, akidi ikiwa watu wawili, na mwenyekiti akaniuliza, kalamu mkononi, "Fundi mbao, sehemu ya mbele tuseme itakamilika lini?" Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kesho, mzee." Akaandika. Likishaandikwa limeandikwa.

Siku ya pili nikawasha jenereta, nikachukua drili ya mzee. Ubavu wa kwanza niliutoboa vizuri, biti ya drili ikapita, nikaachia mara moja. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, wa tano, nikawa naimba moyoni. Niliona kwamba masikio yale, kwa kweli, yalikuwa ni ushamba tu wa watu wa chuma. Mbavu za mbele ni fupi kuliko za kati na zimelala karibu zaidi na ganda, na ubavu wa sita ulikuwa mfupi kuliko zote, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuwa bingwa. Nikaegemea drili kwa kifua. Vumbi la chuma likawa linatoka, nami nikadhani bado natoboa ubavu, kumbe ubavu nilikwisha kuuacha nyuma. Ghafla drili ikavuta, nikajigonga kwenye chuma. Nilipochomoa biti, mwanga mwembamba uliingia kama uzi.

Nilichungulia. Kupitia ubavu na kupitia ganda niliona mchanga, kokoto mbili, na kuku.

Nilizima jenereta. Nikatoka nje nikauzunguka upande ule polepole, kama mtu anayetembea tu. Tundu lilikuwa la ukubwa wa punje ya hindi, vidole viwili chini ya ule mstari wa rangi unaoonyesha maji yatafika wapi. Mimi, niliyekuwa nayaogopa maji kuliko wote, ndiye niliyeyafungulia mlango.

Sasa hapa ndipo ninapopaona pabaya, kuliko hata tundu. Kosa la mkono lilinichukua dakika mbili. Yaliyofuata yalinichukua alasiri nzima, na niliyafanya kwa akili zangu timamu. Nilichonga kigingi cha mninga, chembamba, kwa ustadi ambao sijawahi kuutumia kwenye kazi ya mteja yeyote. Nikakipaka gundi nikakigongea ndani kutoka nje. Nikakikata sawa na ganda, nikakandika puti juu yake, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Kisha ndani nikafunga papi, na juu ya papi nikafunga plaiwudi, skurubu zote zimetazama upande mmoja. Nilijiambia kwamba mti ukilowa huvimba, na ukivimba hushika zaidi. Ni kweli kabisa. Nimekwisha kuona watu wakizikwa kwa hoja za kweli kabisa.

Yule mama aliporudi kutoka msibani nilimpa pole. Akashukuru, akaingia ndani, akatazama mbele.

"Umefunga bila masikio?"

"Nilitoboa mbavu zenyewe. Mzee alikuwa na haraka."

"Drili haikupita?"

"Haikupita," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akaenda kuendelea na kazi ya nyuma. Alikuwa ametoka kuzika mtu, hakuwa na nguvu za kumhoji mtu mzima.

Siku kumi na mbili zilipita. Boti ilikamilika, ikapakwa rangi ya samawati ndani, ikapata mabenchi yenye migongo ya Kigonsera. Mzee akaitisha kikao cha uzinduzi, akapanga safari ya kwanza iende Ngumbo, siku ya Jumamosi, na kwa heshima yangu akaazimia kwamba mke wa fundi mbao asafiri bure. Likaandikwa.

Mke wangu alifika Ijumaa mchana na gari la kutoka Mbinga, na kapu la maharage, kahawa ya baba yake na kitenge cha mama yake. Nilimwonyesha boti. Alipita ndani polepole akigusa ukuta kwa kiganja. Hakuwahi kuigusa kazi yangu hivyo, hata kitanda chetu. Alipofika mbele kabisa, upande wa kulia, akakaa.

"Mimi nitakaa hapa," akasema. "Nataka niione Ngumbo kabla ya wengine."

Alikuwa ameegemea plaiwudi ile. Nyuma ya plaiwudi papi, nyuma ya papi ubavu wa sita, nyuma ya ubavu kigingi changu. Nikamwambia kule nyuma kuna hewa zaidi. Akasema hapo panatosha.

Jumamosi asubuhi nilimkuta yule mama ufukweni, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Wageni walikuwa wameanza kufika. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya turubai.

"Fundi," nikamwita. Sikuwahi kumwita hivyo kabla.

"Naam, baba."

"Drili ilipita."

Akaweka kikombe juu ya mchanga. "Wapi?"

"Ubavu wa sita. Chini ya mstari."

"Umeziba na nini?"

"Kigingi cha mninga. Na gundi."

Akaitazama boti kutoka mbele hadi nyuma. "Labda kingeshika," akasema. "Labda hata mwaka. Halafu siku moja kuna wimbi, na kuna watoto ndani." Hakuinua sauti. Akamwaga chai iliyobaki, akaenda kuwasha jenereta.

Huwezi kuchomelea chuma penye mbao nyuma yake, itawaka. Kwa hiyo ilinibidi niibomoe kazi yangu mbele za wageni. Nilifungua plaiwudi mbili, nikafungua papi tatu, nikazitoa nje moja moja nikazilaza kwenye mchanga, karibu na miguu ya padri na shehe waliokuwa wamekaa mstari wa mbele. Mke wangu alikuwa mstari wa pili. Mzee alikuja na faili lake.

"Kuna tatizo gani?"

Nikaziinamia papi. Yule mama akajibu bila kugeuka, huku anakwangua rangi. "Ukaguzi wa mwisho, mzee. Kuna mahali hapa mbele panahitaji chuma zaidi."

Kila neno lilikuwa kweli. Mzee akaandika.

Alikivuta kigingi kwa koleo, akakigeuza geuza kwenye mwanga. "Umekichonga vizuri," akasema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa. Kisha akanituma ndani na gunia lililoloweshwa, nikae karibu na tundu, nizime cheche. Nikachuchumaa mule gizani, gunia mikononi, nikitazama chuma kikiiva mbele ya macho yangu, chekundu, kisha cheupe, kisha chekundu tena, na ule uzi wa mwanga ukafunga. Alipomaliza alimimina maji kwa nje, nami nikapitisha kidole kwa ndani. Pakavu. Kisha akachomelea masikio sita, ambayo yangemchukua asubuhi moja kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Alitumia chini ya saa moja. Nami nikafunga papi zangu upya, na upenyo wa hewa nyuma yake.

Wakati wote huo wageni walikaa juani, turubai halikuwatosha wote. Ndipo mzee akasimama kuhutubia. Alisema kuna mafundi wa aina mbili. Kuna wanaomaliza kazi na wanaokamilisha kazi. Alisema leo, machoni pa wote, fundi mmoja kutoka Mbinga, bila kuagizwa na mtu, amebomoa kazi yake mwenyewe iliyokwisha kupokelewa, ili ajiridhishe na usalama wa abiria. Watu wakapiga makofi. Padri alipopewa nafasi ya kubariki akaongeza kwamba hata Yosefu Mtakatifu alikuwa seremala, na kwamba uaminifu huanzia pale jicho la bosi lisipofika. Shehe alisoma dua fupi tu, na kwa hilo namshukuru. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, nimelowa jasho na maji ya gunia. Nilimtazama yule mama. Alikuwa anakunja nyaya zake, uso mkavu kama mchanga wa ufukweni.

Boti ikasukumwa majini. Nilipanda kwa sababu hapakuwa tena na sababu ya kutopanda. Mke wangu akakaa pale alipochagua, nami nikakaa pembeni yake, nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi maji yanavyosikika yakipita nyuma ya mbao uliyoifunga mwenyewe. Yanagonga, yanasugua, yananyamaza, yanagonga tena. Mgongo wangu wote ulikuwa unasikiliza.

Tulipopita kona ya ghuba akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulitoboa boti?"

"Nani amekwambia?"

"Ulipopigiwa makofi uliangalia viatu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama nje. Nilingoja aseme neno kuhusu kukaa kwake pale mbele, na siku zile kumi na mbili. Hakulisema. Alitoa limau kwenye kapu, akalikata kwa kisu kidogo, akanipa nusu, kwa sababu alikuwa ameona rangi yangu. Nikalinyonya, nikatapika ziwani, nikalinyonya tena. Kufikia mchana woga ulikuwa haujaisha, ila ulikuwa umechoka, nami nikaweza kuutazama mwambao. Milima yetu, kwa upande ule, inaonekana kama ya watu wengine.

Mzee nilikuja kumwambia baadaye, miezi miwili hivi baada ya safari ile, niliposhuka kuongeza rafu za mizigo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kila kitu, kigingi, rangi, uongo. Alisikiliza, akaenda ndani akarudi na faili, akavaa miwani, akapekua.

"Siku ya uzinduzi," akasoma. "Ukaguzi wa hiari. Chuma kimeongezwa." Akapandisha macho. "Hakuna tundu hapa, fundi."

"Lilikuwepo, mzee."

"Muhtasari ulikwisha kuthibitishwa. Hauwezi kubadilishwa nje ya kikao, na ile kamati imekwisha kuvunjwa." Akafunga faili, akanimiminia chai. Kisha, bila kunitazama, akasema kwamba yeye katika utumishi wake aliwahi kuwa na matundu mawili matatu, na mojawapo kuna mtu mwingine alililipia. Tulikunywa chai.

Lakini siku ile ya safari ya kwanza tulifika Ngumbo alasiri. Hapakuwa na gati. Boti ilisimama kwenye maji ya magotini, na watu wakaanza kuteremka, akina mama wamekunja vitenge, viatu mkononi. Mke wangu alishuka kabla sijamwona, akawa tayari anazungumza Kinyasa na dada yake ufukweni, wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Mimi nilisimama ukingoni na sanduku langu la vifaa. Shemeji yangu mkubwa akaja ndani ya maji, akanigeuzia mgongo akainama. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nikapanda. Akanibeba mpaka mchangani, sanduku nimelikumbatia, na hakuna aliyecheka mpaka niliposimama kwa miguu yangu.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamepungua. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akauacha ndani ya wake.

"Gari mmeliacha wapi?" akauliza.

"Tumekuja na boti, baba."

Alifikiri. "Mbamba Bay mpaka hapa?"

"Mpaka hapa."

"Eh," akasema, akauachia mkono wangu. Tukaletewa samaki, mbasa wa kukaangwa, na ugali, tukala, na habari za ziwa hazikuguswa tena.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba chake, anausukuma kwa bega. Alisema haufungi tangu mvua zilipoanza. Niliutazama. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, umevimba upande wa komeo, na bawaba ya chini imelegea. Nikauchomoa, nikauegemeza kibarazani, nikatoa randa. Yeye akasogeza kigoda karibu akae asikie. Maranda yakaanza kutoka marefu, yakamwangukia miguuni, naye akawa anayaokota moja moja anayanusa.

"Huu ni mninga," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Niliununua kwa mtu wa kwenu. Alisema hautavimba kamwe."

Nikaendelea kupiga randa, nikaurudisha kwenye bawaba zake, ukafunga.